Mikeka Isiyo ya Msiba

Kilo, tarehe 9 Februari 2025

Yaya Régine, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na nyumba yote ya Bigo, hata yule mbwa wako asiyenipenda. Kama barua hii imefika, mshukuru Mbuyi, mwenzangu wa shimo, anayeshuka Bunia kutafuta kipuri cha pampu ya maji. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, asiiache kwa jirani. Huku tupo. Mvua bado, mihogo ya wenyeji ni mizuri, dhahabu inajificha. Malaria kidogo imenishika, lakini si kitu cha kuhangaisha mtu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Unajua hapa mtandao unashika kwenye kilima kimoja tu, na anayepiga simu husimama pale akipaza sauti huku wachimbaji wengine wakingoja zamu yao na kusikiliza. Jambo hili ningelisema pale, kabla ya chakula cha jioni kambi nzima ingekuwa nalo. Na nusu yake wanayo tayari.

Wiki iliyopita alifika kijana mmoja kutoka Bunia, anaitwa Lucien, anatafuta kazi. Tukiwa tunakula akaanza kusimulia kituko cha Noeli. Kwamba kuna kanisa ambako binti mmoja wa kwaya alikaa siku nyingi bila kulala, akagawa sufuria na vitenge vya kwao kwa wapita njia, na siku ya Noeli yenyewe akamnyang'anya mchungaji kipaza sauti, akaimba peke yake mpaka watu wakaanza kutoka nje. Walipomshika alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Watu walicheka sana, Yaya. Alipotaja kanisa, nikajua. Vitenge vile vilikuwa vya marehemu mke wangu. Niliendelea kula. Mmoja akaniuliza, "Weye mutu ya Bunia, unamujua uyu binti?" Nikasema simjui.

Sikulaumu. Mama yake alipofariki ulimchukua Joëlle, ukamlea mpaka akawa mtu mzima. Lakini baba yake ni mimi. Huku karibu kuna nyumba ya maombi. Mgonjwa anafungiwa ndani, hali wala hanywi, dawa zake zinaachwa mlangoni, na anaombewa mpaka hicho kitu kimtoke. Nitashuka wakati wa Pasaka kumchukua. Mtayarishie vitu vyake. Huku atakuwa mbali na midomo ya watu.

Ndugu yako,
Didier


Bunia, Bigo, tarehe 6 Machi 2025

Mdogo wangu Didier,

Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Hapa nyumbani tunapumua, Mungu hajatuchoka. Mbwa amepata salamu zako na bado hakupendi. Shemeji yako Aimé amebadilisha paa la jikoni, sasa mvua inanyesha nje tu. Binti yetu Vanessa amejifungua mtoto wa kike, amempa jina langu, na maoni yako kuhusu hilo kaa nayo hukohuko Kilo.

Sasa neno lenyewe. Joëlle haendi popote. Usikunje uso, soma kwanza.

Baada ya Noeli sikumpeleka kwa nabii. Nilimpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, na Mchungaji Mathieu alitusindikiza. Alikaa nasi kwenye benchi la wagonjwa tangu asubuhi, amevaa suti yake ya Jumapili makusudi ili kila anayepita amwone. Yule yule aliyenyang'anywa kipaza sauti! Watu walipomuuliza anaumwa nini, alijibu, "Niko na mutoto yangu." Siku ile nilijivuna kuwa wa kanisa letu kuliko siku tuliyojenga mnara wa kengele.

Daktari alisema ugonjwa huu una jina na una dawa. Moyo wa Joëlle unapanda kupita kiasi, siku nyingine unashuka kupita kiasi, na katikati yeye ni mtu kama mimi na wewe, tena mwenye akili kukushinda. Anameza vidonge asubuhi na jioni. Lakini ilichukua muda. Ile furaha ya Noeli ilipoisha alianguka. Januari yote alilala ameelekea ukuta. Kanisani tulimwombea kwa sauti kubwa, na baada ya ibada kila mtu alikwenda kwake kupika.

Mwezi uliopita alikuja nami kwenye mkutano wa idara ya mama wa kanisa. Nilidhani amekuja kukaa tu. Akasimama. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Bamama, muliniombea, aksanti. Lakini kitanda yangu iko karibu na dirisha. Ile juma muzee wa jirani alikufa. Nikawasikia munapita na viti, na mikeka, na sufuria kubwa, munaenda kukaa kule. Mukakaa, mukalala kule. Nikasema mu roho yangu: kumbe mutu akikufa, njo batu banakuja. Nikatamani kufa. Haikukuwa juu ya kufa. Ilikuwa juu ya mikeka."

Didier, Mama Kahindo, anayetunza sufuria kubwa ya kanisa na ambaye halii hata kwenye matanga ya ndugu zake, alijifunika uso kwa kitenge. Palepale tukakubaliana kwamba idara itakuwa inakwenda kukaa na watu walioelemewa moyo, kama tunavyokwenda kwa wafiwa na kwa wazazi waliojifungua. Na wa kwanza awe Faida.

Faida humjui. Alikimbia vita vya Djugu na mumewe na watoto, wamepanga nyumba hapa mjini, mtaa wa Lumumba. Mume ni seremala. Tangu mwaka uliopita mwanamke hatoki ndani, hachani nywele, hapiki. Mume anarudi kazini anapika bugali mwenyewe, na majirani wanamcheka.

Basi Jumapili mchungaji akatangaza kwamba Jumamosi mama wa idara watakwenda kukaa na dada yetu Faida. Hakuongeza neno. Na sisi, mdogo wangu, kukaa na mtu tunakujua kwa namna moja tu! Tukavaa sare, tukafunga vilemba vyeupe vile vya matanga. Tukaingia uani tukatandika mikeka. Mama Kahindo akawasha moto, akatwanga majani ya mihogo, akapandisha sufuria ya sombe. Ukafika wakati wa kuimba, na nyimbo ambazo sote tunazijua bila kitabu ni zile za kuaga maiti. Aliyeanzisha wimbo ni mimi, usinicheke.

Majirani wakaanza kulia. Mwanamke mmoja alijitupa chini pale kwenye mlango wa ua, anapiga kelele, "Faida! Faida unatuacha!" na ndiye aliyekuwa akimcheka mumewe. Shemeji wa Faida akatokea na turubai la kuwakinga waombolezaji jua. Mume mwenyewe aliporudi na gunia la makaa akaliona turubai. Aliliangusha gunia, akashika kichwa.

Ndipo mlango ukafunguka. Faida amesimama pale na gauni la kulalia, nywele zimemsimama. Akauliza, "Ni nani alikufa hapa?"

Tukakatiza wimbo. Mama Kahindo, mwiko mkononi, akasema, "Hakuna mutu. Siye tulikuja kukuona weye."

Faida akaangalia mikeka. Akaangalia turubai. Akamwangalia yule jirani aliyelala kwenye vumbi na kilemba kimemvuka. "Kukuja kuniona," akasema, "munaniimbia ya kaburi?" Na akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Mumewe aliniambia baadaye kwamba kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu walipotoka Djugu. Kisha akasema, "Basi mukae. Mikeka imekwisha kutandikwa."

Tukakaa mpaka jua likashuka. Hakuna aliyehubiri. Mmoja alimchana nywele, wengine walifua nguo za watoto. Joëlle alikaa karibu naye na wala hakusema mengi. Alitoa tu vidonge vyake mfukoni, akamwonyesha, na wiki iliyofuata akampeleka kwa daktari wamekamatana mikono.

Sasa mji mzima unatuita Mama wa Mikeka. Vilemba vyeupe tumeviacha, nyimbo za furaha tumejifunza, na ole wake mtu atakayegusa dawa za mgonjwa au kumwambia hana imani. Jumanne tunakwenda kwa mwanamume mmoja, mwalimu, wa kwanza kutuita mwenyewe.

Didier, Muzee wetu, baba aliyetuzaa, alikaa nyuma ya nyumba misimu ile yote akiangalia ukuta, na watu walipita mbali na ua wetu wakisema amerogwa. Siku aliyokufa tuliazima viti kwenye makanisa matatu na havikutosha. Hilo ndilo ninalolifikiria kila ninapokunja mkeka. Usimchukue mtoto.

Dada yako mwenye mikeka,
Régine


Kilo, tarehe 11 Aprili 2025

Yaya,

Salamu kwako, kwa Aimé na kwa huyo mtoto aliyebebeshwa jina lako. Namwonea huruma. Barua yako imekawia kwa sababu barabara ilifungwa, watu walipigwa risasi njiani na wenye pikipiki wakagoma. Mbuyi ameileta jana.

Habari ya yule mama na turubai nimeisoma. Mbuyi aliniomba nimsomee tena. Yeye alicheka.

Mama wa idara wafanye kazi yao, ni nzuri. Lakini hayo ni mambo ya wanawake wa mji, wana mahali pa kukaa na muda wa kukaa. Na binti anayesimama mbele ya watu kusema alitamani kufa, nani atamwoa? Umeliwazia hilo? Ungemfunga mdomo. Mambo ya nyumba yanabaki nyumbani.

Na usiniandikie tena habari za Muzee. Nimekuomba.

Malaria bado. Inakuja na kurudi, ndiyo sababu mwandiko umepinda. Chakula hakina ladha, lakini huku hakijawahi kuwa na ladha. Nitashuka Pasaka kama nilivyosema.

Didier


Bunia, Bigo, tarehe 2 Mei 2025

Mdogo wangu,

Tunakusalimu. Mtoto mwenye jina langu ameanza kucheka, na anacheka vizuri kuliko wenzake wote. Aimé ana kikohozi. Samaki wa ziwani amepungua sokoni, tunakula makayabu, samaki wa chumvi, mpaka tumesahau rangi ya samaki mbichi.

Pasaka hukuja. Mimi nilikuwa nimejiandaa kugombana nawe mlangoni, nilikuwa hata nimechagua maneno. Joëlle mwenyewe ndiye aliyefunga begi lake. Alilisoma jina lako kwenye bahasha zako, akaniuliza, nikamwambia yote, kwa kuwa ni mtu mzima. Akasema, "Kama papa anakuja kunichukua, nitaenda kumusikiliza. Lakini dawa yangu itaenda na miye." Begi likakaa karibu na mlango Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka. Kila pikipiki ikisimama njiani alikuwa anatoka kuangalia. Jumanne alilifungua, akarudisha nguo mahali pake.

Ila sikuandikii kukuliza. Naandika kujisifu, unanijua. Jumapili ya Pasaka Joëlle aliongoza kwaya. Daktari aliruhusu, mchungaji alimwita mbele, akamkabidhi kipaza sauti kile kile cha Noeli mbele ya watu wote. Nilisikia kanisa linavuta pumzi. Aliimba ubeti wake, akakirudisha kipaza sauti mahali pake, akakaa. Basi. Mchungaji akasema "Amina". Mama Kahindo alipiga vigelegele mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakaogopa. Na mimi nilisimama juu ya benchi, Didier, na umri wangu huu, ili wa nyuma waone shangazi yake ni nani.

Faida sasa anauza mandazi, yuko nasi kwenye mikeka. Wamama wawili Waislamu wa Lumumba wametuomba tuwafundishe, nao wanakaa na watu wao. Kuna siku inakwenda vibaya pia. Yule mwalimu alitufukuza kwa fimbo mara ya pili. Tulikaa nje ya ua wake, tukapikia barabarani. Mara ya tatu alitufungulia.

Umesema nani atamwoa. Yupo anayeuliza, na anajua yote. Hayo utayasikia ukija.

Sasa niambie mimi, niliyekubeba mgongoni. Malaria gani hiyo inayokaa tangu Februari? Una homa? Unatetemeka? Au unalala umeelekea ukuta na chakula hakina ladha? Umenikataza habari za Muzee na mimi nitaandika. Tuliwaambia watu alianguka mtoni. Mimi na wewe tunajua hakuanguka. Kabla ya hapo, mezani, alikuwa anasema ni malaria.

Nijibu kwa mkono wako.

Régine


Bunia, tarehe 17 Juni 2025

Didier,

Salamu za nyumba nitazitoa siku nyingine.

Hukunijibu. Leo amekuja Mbuyi. Alikaa sebuleni akizungusha kofia mikononi mpaka chai ikapoa, mwishowe akasema, "Mama, Didier hashuke tena mu shimo tangu mbele ya Pasaka. Iko analala tu. Tunaacha chakula ku mulango, tunaikuta palepale. Bengine banasema ni mizimu ya dhahabu ilimukamata, banaogopa kuingia." Nikamwuliza kama ana homa. Akasema hana. Kisha akaniambia kwamba umeanza kugawa vitu vyako. Buti umempa mmoja, kamba umempa mwingine, na redio yako ile usiyoruhusu mtu aiguse umempa Lucien.

Niliposikia redio, nililia mbele ya mgeni.

Nilitaka kuja mwenyewe, na Aimé amekazana kwamba magoti yangu hayatavumilia pikipiki. Joëlle alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Akatoka akasema, "Miye nitaenda. Iyi kazi niko naijua." Tumekwenda kwa daktari, akamruhusu, akamfundisha la kukuambia na la kutokukuambia. Kuna msafara wa mama wauza nguo wanaopanda kesho kutwa na wanajeshi, atakwenda nao, pamoja na Mama Kahindo, ambaye amesema hataki kusikia mtu akimtisha na barabara. Mbuyi atawatangulia na barua hii. Kanisa lote litafunga na kuomba siku hiyo, na wanaofunga ni sisi wazima, wagonjwa watakula.

Ulinidai mtoto tangu Februari. Basi namtuma. Ana dawa zake mfukoni na mkeka begani.

Usifanye kitu mpaka afike. Unanisikia? Mimi ni mkubwa wako, nakuamuru.

Régine


Kilo, tarehe 5 Julai 2025

Yaya wangu Régine,

Nakusalimu sana. Namsalimu Aimé na kikohozi chake, nawasalimu Vanessa na Régine mdogo, namsalimu Mchungaji Mathieu ambaye sijawahi kumshukuru. Mbwa naye, nimemsamehe. Naandika polepole, mkono umesahau kazi.

Barua yako ya Juni Mbuyi aliipitisha chini ya mlango. Niliisoma siku iliyofuata. Hukukosea, na la redio hukukosea. Sitaandika nilikuwa nimepanga nini. Nilifika mahali ulipoandika "nakuamuru" nikakasirika, na ilikuwa siku nyingi sijasikia hasira wala kitu kingine chochote. Nikasema, acha nimngoje mtoto, nimwambie arudi, kisha tutaona.

Walifika asubuhi. Mimi nililala ndani nimeelekea ukuta kama ulivyosema. Nikasikia mikeka inatupwa chini, unaijua ile sauti. Nikasikia sauti ya Mama Kahindo inauliza kuni ziko wapi, na wachimbaji, watu wanaopigana kila siku kwa ajili ya kuni, wakamletea mbio. Kisha wakaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa furaha, mmejifunza kweli. Lakini huku nani ataangalia wimbo? Watu waliona mikeka na sufuria mbele ya mlango wa mtu ambaye hawajamwona nje kwa wiki nyingi. Wakajua nimekufa.

Basi nikasikia nilivyokufa. Mashine zilizimwa kwenye mashimo, moja baada ya nyingine, mpaka kambi ikawa kimya. Mtu akaja na sepetu la kuchimbia kaburi. Hamisi, mzee wa Waislamu wa kambi, akaleta shuka jeupe. Hapo ugomvi ukaanza chini ya dirisha langu. Kwa kuwa tangu nije Kilo sijaonekana kanisani wala msikitini, hakuna aliyejua nizikwe na nani. Hamisi anasema niliwahi kula futari kwake, mimi ni wake. Delphin, shemasi wa Wakristo, anasema jina Didier si la msikiti. Mwingine akauliza redio atairithi nani, na Lucien akajibu kwamba alipewa mbele ya mashahidi.

Yaya, nilikuwa nimelala pale nawasikiliza, na mdomo wangu ukaanza kuvutika pembeni. Sikuutuma. Nikajikuta nimekaa. Nikajikuta nimesimama, nashika ukuta, na nikafungua mlango.

Jua liliniumiza macho. Watu walikuwa wengi, nyuma yao wengine wanapanda kutoka shimoni na matope mpaka kiunoni. Nikauliza, "Ni nani alikufa hapa?"

Naapa sikuwa nakumbuka barua yako ya Machi. Yalitoka yenyewe.

Joëlle alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele. Amekua. Ana shingo ya mama yake. Aliniangalia, akasema, "Hakuna mutu, papa. Safari hii tulikuja mbele, mutu hajakufa."

Nikakaa palepale kizingitini. Nililia, Yaya. Nililia mbele ya wachimbaji wote wa Kilo, kilio cha Muzee na cha mke wangu na changu, na hakuna aliyecheka. Hamisi alilitandika lile shuka jeupe juu ya mkeka akasema, "Ikale hapa, ni safi." Nikakaa juu ya sanda yangu nikala sombe ya Mama Kahindo. Ina ladha.

Wamekaa nami tangu siku ile. Joëlle hajaniuliza kwa nini. Asubuhi anameza vidonge vyake mbele yangu, kisha anapika chai. Siku ya tatu nilimwambia, "Papa yako naye ana ile kitu." Akasema, "Najua, papa. Tutaenda kwa munganga pamoja, nitakushika mukono." Nilipotaja nyumba ya maombi, nilitaka kumwomba msamaha, akanikatiza, akasema tuombe hapahapa kwenye mkeka, na mlango wazi.

Jana jioni tulikuwa tumekaa nje. Wengi walikuwepo, siku hizi kila anayetoka shimoni anapita kukaa kidogo, hata wale waliosema ni mizimu. Lucien alikuja na redio, akairudisha bila kuombwa. Joëlle alikuwa anaimba taratibu huku anachagua mchele. Lucien akamtazama muda mrefu, nikaona anaanza kumkumbuka. Akauliza mbele ya watu wote, "Uyu binti njo nani?"

Wote wakaniangalia. Joëlle aliacha kuimba, lakini hakuinua kichwa.

Nikasimama, Yaya. Ningekuwa na benchi ningepanda juu yake kama wewe. Nikasema kwa sauti ile tunayoitumia kuita mtu aliye chini ya shimo, "Ni mutoto yangu! Njo ule aliimba Noeli. Miye njo nilimuzaa!"

Jumatatu tunashuka Bunia na msafara. Nitandikie mkeka mmoja, nitakaa popote utakaponiweka.

Baba yake Joëlle,
Didier